Matofali ya Ugali

Mwaka wa hamsini na saba watu wa Uyole walikuwa hawakubaliani juu ya kitu chochote. Walionunua kadi ya TANU waligombana na waliosema kadi italeta askari, wenye ng'ombe waligombana na wenye viazi, na hata kwaya ya Wamoraviani ilipasuka vipande viwili kwa sababu ya nani asimame mbele. Jambo moja tu halikuwa na mpinzani, na wanawake walilisema kila walipokutana mtoni, kila mmoja akijaribu kulisema vizuri kuliko mwenzake: hakuna mkamwana mwenye adabu kumshinda Atuganile, mke wa Asukile.

"Amekaa pale mavuno mangapi sasa?" aliuliza Tupokigwe, jirani yake, mama ambaye habari ya mtu ilikuwa haijakamilika mpaka ipite kinywani mwake. "Na baba mkwe wake mpaka leo hajui kama ana meno au hana!"

"Mimi wangu nilikutana naye ana kwa ana msibani, nikajitupa kwenye shimo la taka," alisema mwingine.

"Wewe ulichelewa. Atuganile huwa yumo shimoni kabla mzee hajakohoa."

Walicheka, lakini kilikuwa kicheko chenye wivu ndani yake. Hawa walikuwa Wanyakyusa waliopanda kutoka Rungwe kutafuta ardhi huku kwenye baridi, na kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hamwoni baba mkwe, wala baba mkwe hamwoni yeye. Kutila, ndivyo wanavyouita mwiko huo. Mwanamke akisikia sauti ya mkwewe njiani huacha njia, hujitanda kanga mpaka machoni, humpa mgongo hadi apite. Jina lake halitamki. Nyumbani mwake haingii. Na kula naye, uso kwa uso, lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya, kwa hiyo hakuna aliyejua hasa adhabu yake. Walisema tu kwamba tumbo la mwanamke huyo hufunga lisizae tena, na ng'ombe wa mahari hurudi walikotoka. Atuganile alikuwa amekwisha kuzika mtoto mmoja, na Asukile alikuwa migodini, huko kusini Johannesburg. Atuganile hakuwa mtu wa kulichezea tumbo lake.

Basi kila asubuhi na kila jioni alisonga ugali, akaufunika, akaupeleka mpaka kizingiti cha nyumba ndogo ya mianzi alimokaa mzee Sedekia. Aliweka bakuli chini, akakohoa, akarudi nyuma ya migomba. Baada ya kitambo mkono ulitokeza, mkono mpana wa mtu aliyefyatua matofali maisha yake yote, ukavuta bakuli ndani. Baada ya kitambo kingine ukalisukuma nje, tupu, limekombwa mpaka linang'aa. Atuganile aliliosha huku anaimba. Wakwe wa wenzake walichagua chagua chakula, wake alikomba.

Tadeo, mdogo wake mzee, alikuwa akipita kila Jumapili baada ya ibada, wakakaa juani wawili hao wakikumbushana. "Kaka yangu ana kichwa kumshinda karani wa boma," alipenda kusema. "Vita ya Mjerumani, alikobeba mizigo, anakuhadithia mzigo kwa mzigo." Kwamba kaka alimhadithia mzigo uleule mara tatu katika kikao kimoja, Tadeo alilichukua kuwa ni uzee, na uzee haulaumiwi. Marika wa mzee, wale waliokuwa wakila naye bakuli moja, walikwisha kwenda mmoja mmoja. Wa mwisho alizikwa mvua zilipokwisha. Tangu hapo hakuna jicho lililomwona mzee Sedekia akitia tonge kinywani.

Ilikuwa Julai, baridi ile ya Uyole inayobabua majani ya viazi kama yamepitiwa na moto. Atuganile alitoka nje asubuhi akaona moshi juu ya paa la kila nyumba isipokuwa moja.

Ugali ulipoiva alikwenda na bakuli mpaka kizingitini, akakohoa. Mkono haukutokeza. Akakohoa tena, na tena, mpaka kikohozi cha adabu kikageuka kikohozi cha kweli. Alikimbilia kwa Tupokigwe, akakuta mlango umefungwa. Akakumbuka kwamba kulikuwa na maziko Mwanjelwa na mtaa mzima umekwenda, Tadeo akiwa wa kwanza. Aliporudi alisikia mlio kutoka ndani, mdogo, kama wa ndama aliyebanwa na ua.

"Tata," aliita, yaani baba, akashtuka kuisikia sauti yake mwenyewe ikimwita. "Tata, kuna nani hapo ndani?"

Mlio ulikuja tena. Hapo Atuganile alifanya jambo ambalo lingemchekesha kama lingefanywa na mtu mwingine. Alijitanda kanga usoni, akageuka, akaingia nyumbani mwa mkwewe kinyumenyume.

"Naingia, tata. Nimekupa mgongo. Sioni kitu."

Kisigino chake kiligonga kitu kigumu, akaanguka chali, kitu hicho kikapasukapasuka chini yake. Kanga ikamtoka. Alipoinuka na kuangalia kilichomwangusha aliona ukuta.

Ulikuwa ukuta mfupi, umetoka kitandani mpaka karibu na mlango, tofali limepishana na tofali, kona zake zimenyooka kama za kanisa. Matofali ya chini yalikuwa yameota ukungu wa kijani, ya juu bado meupe, na panya walikuwa wametoboa madirisha yao hapa na pale. Kati ya tofali na tofali, mahali pa udongo wa kuunganishia, palikuwa pamepakwa maharage yaliyopondwa. Atuganile alichukua kipande akakinusa. Ulikuwa ugali wake. Wa jana, wa juzi, wa majuma yote aliyokuwa akiosha bakuli huku anaimba.

Mzee Sedekia alikuwa amelala kando ya jiko lililozimika. Amejilowesha. Mabega yaliyokuwa yakibeba matofali ya misheni yalikuwa yametokeza mifupa chini ya koti. Alimtazama mkamwana wake usoni, mara ya kwanza katika maisha yao wote wawili, wala hakugeuka.

"Umechelewa na udongo," alisema. "Na wa jana ulikuwa mwepesi. Mwambie anayekanyaga apunguze maji."

Atuganile alikaa chini palepale kwenye matofali yaliyovunjika. Angeweza bado kutoka. Angejitanda tena kanga, angekaa kizingitini akisubiri watu warudi kutoka Mwanjelwa, na hakuna ambaye angemlaumu, wangemsifu. Alijua hivyo. Alifikiri pia kwamba sifa zile zote za mtoni ndizo zilizomwangusha mzee huyu hapa chini, kwa sababu mtu asiyetazamwa hufa njaa mbele ya chakula.

"Nitamwambia, tata," alisema. "Sasa shika shingo yangu."

Aliwasha moto. Alimvua, akamwosha, akimtazama kwa sababu huwezi kumwosha mtu usiyemtazama, na machozi yakawa yanamtoka bila kumzuia kazi. Kisha alikoroga uji. Mzee alipopewa alichovya vidole akaanza kuupaka ukuta wake. Atuganile alimrudisha mkono. Mzee akachovya tena. Mwishowe yeye mwenyewe, ambaye alikuwa hajatia kitu tumboni tangu alfajiri, alionja kutoka kwenye kata aone kama umepoa. Mzee aliutazama mdomo wake. Mdomo wa mzee ukafunguka.

Alimtilia. Mzee akameza. Akangoja. Atuganile akaonja tena, naye mzee akafungua mdomo tena. Alipoacha kula yeye, mzee aliacha. Alipokula, alikula. Hivyo hivyo, yeye kata, mzee kata, mpaka sufuria ikaisha, na Atuganile akajua ni nini alichokuwa ameanzisha.

Alificha. Alikuwa akingoja wanawake waende mtoni, akaingia na chakula, akakaa mbele ya mzee, wakala. Alibomoa ukuta kipande kwa kipande, akisubiri mzee asinzie, maana kuubomoa mbele yake kulimliza. Alikwenda hata kwa dresa wa zahanati, Ambrosi, Mhehe wa Iringa mwenye maneno ya wazi, akamweleza kana kwamba mgonjwa ni mtu wa ukoo wa mbali.

"Sindano ya hilo sina, dada," Ambrosi alimwambia. "Na atakayekuambia anayo, anamtaka kuku wako tu. Si uchawi, si laana. Ubongo unachakaa kama goti linavyochakaa. Mwingine mkono unamtetemeka, mwingine mdomo unapinda, mwingine anasahau njia ya kwake."

"Ni wengi?"

"Wengi! Watu siku hizi wanazeeka, hawafi tena vijana kama zamani. Lakini huku kwenu mnawafungia ndani, na kwetu Iringa tunawafungia ndani, halafu kila nyumba inadhani iko peke yake." Alifunga kabati lake. "Anakula?"

"Akiona mtu anakula."

"Basi mtu huyo ndiye sindano yake. Asiumwe yeye."

Siri ilidumu mpaka Tupokigwe alipokuja kuomba moto. Hakumkuta Atuganile jikoni, akafuata sauti, akachungulia, akaona mke wa Asukile na baba mkwe wake wamekaa magoti kwa magoti, ndizi ya kuchoma moja kati yao, huyu anauma, yule anauma. Kigae cha kubebea makaa kilimponyoka.

"Gwe! Yesu wangu!"

"Mama, ngoja nikueleze..."

Lakini Tupokigwe alikuwa hajawahi kungoja maelezo maishani mwake. Habari ilifika Mwanjelwa kabla ndizi ile haijaisha. Ilipotoka kwa Tupokigwe, walikuwa wamekaa magoti kwa magoti. Ilipofika sokoni, mkamwana alikuwa amempakata mzee. Iliporudi Uyole jioni, kulikuwa na mimba.

Tangu siku hiyo mtoni walimwachia sehemu ya chini, yanakoshukia maji yaliyofulia nguo. Kanisani benchi alilokalia liligeuka refu ghafla, yeye mwisho huku, wenzake mwisho kule. Waliokuwa wakimsifu ndio walioongoza kumwita "mama wa kambo wa mumewe", na wakasema adabu ile yote ya zamani ilikuwa ya kufunika kombe. Atuganile alichota maji yake ya chini, akayaacha yatuame, akamkoshea mzee nguo.

Tadeo alikuja siku ya tatu. Kwa kuwa ndugu wa baba mkwe naye ni baba mkwe, hakuweza kumtazama Atuganile wala kusema naye. Alisimama uwanjani, akaipa nyumba mgongo, akaigombeza migomba.

"Nyinyi migomba! Mwambieni huyo mtu kwamba ukoo umesikia! Mwambieni tumempelekea habari baba yake huko Tukuyu, aje na ng'ombe zetu, amchukue mtu wake! Na kaka yangu, kwa kuwa akili zimemtoka, atapelekwa Dodoma kwa wenye wazimu! Mmesikia?"

Migomba haikujibu. Nyuma yake Atuganile alikuwa amesimama na bakuli mkononi, na alikuwa na maneno mengi, lakini kwa mkwe huyu mwiko wa ulimi bado alikuwa hajauvunja.

"Kikao kitakaa akifika Tusekile!" Tadeo aliimalizia migomba, akaondoka.

Tusekile, binti pekee wa mzee, aliolewa Ilula, upande wa Iringa, ambako alikuwa akiuza vitunguu na nyanya kando ya barabara, na sauti aliyokuwa akiwaitia wasafiri alikuja nayo. Alishuka kwenye basi la Relwe, shirika la reli, akiwa na kapu kichwani na hasira mdomoni.

"Wifi! Kaka yangu yuko chini ya ardhi anachimba dhahabu ya watu, wewe huku juu unakaa na baba yangu kama wachumba?"

"Shikamoo, wifi. Karibu."

"Usinikaribishe kwetu! Kaa mbali na huyo mzee. Mwenye damu yake nimefika."

Atuganile alikaa mbali. Siku ya kwanza alisikia Tusekile akicheka na baba yake. Siku ya pili alisikia akimbembeleza. Kisha akasikia bakuli likigonga ukuta, na sauti ya mzee ikifoka, "Toka, mwanamke! Nani kakuleta kwenye tanuri langu?" na kofi. Nguo zilizofuliwa zilizidi kuonekana kwenye kamba, na sauti ya Ilula ikazidi kupungua, mpaka jioni moja Tusekile akaja jikoni, shavu limevimba, akakaa kwenye kinu kilicholala bila kukaribishwa.

"Hanijui," alisema. "Ananiita mke wa karani. Mimi, aliyenibeba mabegani kwenda kubatizwa."

Atuganile alimsogezea kikombe cha chai.

"Kula, hali. Nikimshika taya, ananing'ata. Wifi..." Tusekile aliangalia chai. "Wewe unafanyaje?"

"Usiangalie bakuli. Mwangalie yeye. Halafu kula wewe."

"Nilikula! Nimekula mbele yake mpaka nimeshiba."

"Ulikula kama mtu anayekimbilia basi. Yeye ni fundi, akiona mtu ana haraka anamchukia. Kula kama huna pa kwenda."

Tusekile alicheka, kisha kicheko kikamgeuka akalia, akafuta kamasi kwa pindo la kanga. "Nina nyumba ya watu Ilula, wifi. Nina wagonjwa wangu huko. Mama mkwe wangu alipinda mdomo mwaka jana, mkono mmoja umekufa. Tumemweka chumba cha nyuma. Wageni wakija tunasema amesafiri."

"Anakula?"

"Sijui," alisema Tusekile. Wakatazamana.

Kikao kilikaa uwanjani, Atuganile amekwisha kurudi kumlisha mzee. Wanaume wa ukoo walijipanga kwenye viti na magogo, Tadeo katikati na koti lake la kanisani. Atuganile alikaa nyuma ya ukuta wa mianzi wa jikoni, asionekane, na maneno yake yalipaswa kuletwa na mtu mwingine. Wanawake walitazamana, hakuna aliyetaka kazi hiyo. Mwishowe Tupokigwe alisimama kwenye kona ya ukuta, nusu huku nusu kule.

"Yaliyotoka niliyabeba mimi," alisema. "Basi na yanayorudi nitayabeba."

"Mwulize," alianza Tadeo, "ni kweli alikula na kaka yangu?"

Tupokigwe alichungulia nyuma ya ukuta. "Anasema ni kweli."

"Mara moja?"

"Anasema kila siku. Jana viazi, leo uji. Anauliza kama unataka kujua na mboga."

"La mboga sikulisema, mama," ilisikika sauti nyuma ya ukuta. Wazee wawili watatu waliziba midomo.

"Mwulize kama huko kwao hawakumfundisha mwiko!"

Tupokigwe alikawia kidogo safari hii, na aliporudi hakuwa na mzaha. "Anasema walimfundisha, na aliushika barabara. Aliushika mpaka ukakaribia kumuua mzee. Anasema kila siku alimletea chakula, na kila siku mzee akajengea ukuta, na yeye nyuma ya migomba anasifiwa."

"Hilo nimelisema," ilisema sauti.

Tadeo alikunja uso. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akimpenda kaka yake, na aliogopa kwamba ukoo ukiachia uzi mmoja nguo yote itafumuka. "Mwenye kuufungua mwiko ni kaka mwenyewe," alisema, "kwa kinywa chake, mbele ya watu, akiwa na akili zake. Akili hana. Basi mwiko haukufunguliwa, umevunjwa, na aliyeuvunja anarudi kwao. Kaka anakwenda Dodoma. Mimi nimemaliza."

"Mimi sijamaliza," alisema Tusekile, akasimama katikati ya wanaume kama aliyesimama katikati ya barabara kuu akizuia lori. "Baba mdogo, wewe ulikaa naye juani kila Jumapili. Hukuona amekonda?"

"Alikuwa amevaa koti."

"Koti! Mtu anakufa njaa, wewe unaona koti! Na mimi je? Mimi sikuwa na hata koti la kuona, nilikaa Ilula nikatuma vitunguu. Sasa nisikilizeni. Nimemlisha, kanitemea. Nimemwosha, kanipiga kofi hili mnaloliona. Mimi, wa tumboni mwake, nimeshindwa, na aliyetoka Tukuyu kwa ng'ombe ameweza. Mkimfukuza, nani atamwosha kesho? Wewe?"

"Mimi?" alisema Tadeo.

"Si kaka yako?"

"Kazi hizo ni za wanawake."

"Mwanamke mwenyewe ndiye huyo mnayemfukuza!"

Zogo lilizuka, kila mzee na mdomo wake, huyu anataja mababu, yule anataja Biblia, mwingine anauliza ng'ombe walikuwa wa rangi gani. Ndiyo sababu hakuna aliyemwona mzee Sedekia akitoka. Alikuja ameshikilia ukuta, kisha akauacha, akafika katikati ya uwanja, miguu inatetemeka, akawatazama watu wote wale waliokaa.

"Mafundi wengi namna hii," alisema, "na hakuna anayefanya kazi."

Alianguka ubavu, taratibu, kama gunia lililofunguka, na doa la maji likaanza kuenea kwenye vumbi chini yake. Wanaume waliinuka. Hakuna aliyemsogelea. Walisimama mikono inaning'inia, na kisha wote, bila kuambizana, wakageuza macho kuutazama ukuta wa jikoni.

Atuganile alitoka. Hakujitanda. Kanga ilikuwa imefungwa kiunoni, ya kufanyia kazi, na uso wake ulikuwa wazi kwa wakwe wote wa ukoo, walio karibu na walio mbali. Alipompita Tadeo, Tadeo, kwa mazoea ya maisha yake yote, aligeuka akampa mgongo. Atuganile alipiga magoti kwenye vumbi.

"Nimefika, tata. Hukuumia? Shika shingo."

Mzee alishika. Atuganile alijaribu kuinuka naye, akashindwa, akajaribu tena. Si kwamba alikuwa amepungukiwa nguvu. Mzee alikuwa mzito sasa. Uji wake mwenyewe ulikuwa unamlemea.

"Baba mdogo," alisema.

Tupokigwe alifungua kinywa aufikishe ujumbe, akaona hauna safari ya kwenda, akakifunga.

"Baba mdogo, geuka. Mshike upande huo."

Mgongo wa Tadeo ulikaa vilevile kwa muda, koti la kanisani limekaza mabegani. Aliwaza nini, hakumwambia mtu, na Tupokigwe alijaribu kumwuliza kwa miaka. Kisha aligeuka. Alimwona mke wa Asukile: mwanamke mwembamba, jasho kwenye pua, macho mekundu ya moshi. Alipiga goti moja kwenye vumbi lililolowa.

"Wapi?"

"Chini ya kwapa. Siyo hapo, panamuuma. Hapo."

"Kalowa," alisema Tadeo polepole, kama mtu aliyepewa habari ya mbali.

"Huwa analowa. Tukimfikisha ndani, maji ya moto yako jikoni, utaniletea."

Tadeo alimtazama kaka yake, na kaka yake akamtazama bila kumjua. Wakamwinua wote wawili.

"Nitaleta," alisema Tadeo. "Yako kwenye debe lipi?"